Samaki wa Alhamisi

Mtu anayefanya kazi ndani ya mashimo ya lifti huijua dunia kwa njia mbili tu, juu na chini. Fundi alikuwa ameijua hivyo kwa miaka ishirini na sita. Asubuhi alining'inia ghorofa ya tisa akipaka nyaya grisi. Adhuhuri alichuchumaa chini kabisa ya shimo, mahali watu wanapodondosha funguo, vifungo vya mashati na barua ambazo hawakutaka zisomwe. Jioni alirudi nyumbani shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Ndiyo maana aliipenda bahari. Hakuipenda kwa sababu ya samaki. Aliipenda kwa sababu ilikuwa imelala.

Ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka mtaani kwao. Kila Alhamisi, akitoka kazini, alichukua mwanzi wake wa kuvulia, kiti cha kukunja na ndoo, akaenda kukaa ufukweni. Miezi aliyoipenda zaidi ni ile ambayo majani yanapukutika, wageni wa majira ya joto wameshaondoka, vibanda vya aiskrimu vimepigiliwa mbao, na upepo unapita juu ya mchanga kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Alirusha mshipi, akakaa, akatazama mbele. Hakuna aliyempigia simu kumwambia kwamba amekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Saa mbili hizo ndizo zilizomshikilia wiki nzima.

Tatizo ni kwamba hakuwahi kuvua samaki hata mmoja.

Mkewe alikuwa msimamizi wa chumba cha pasi kwenye duka kubwa la dobi, mwanamke aliyependa mstari ulionyooka kuliko alivyopenda muziki. Miaka kumi na miwili nyuma, alipoombwa ruhusa ya Alhamisi, alikunja kitambaa cha meza pande nne kabla ya kujibu.

"Nenda," alisema. "Lakini ukitoka na ndoo, urudi na kitu ndani ya ndoo. Mimi sikuolewa na mtu wa kutembeza ndoo tupu mtaani."

Alhamisi ya kwanza Fundi alikaa mpaka vidole vikafa ganzi, na bahari haikumpa kitu. Njiani akapita kwa muuza samaki wa kona, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa ambaye mtaa mzima ulimwita Magamba. Huyo Magamba alikuwa na kanuni moja, na aliishika kuliko watu wengine wanavyoshika dini. Samaki hatoki mkononi mwake bila kuparwa magamba, kutolewa matumbo, kukatwa matamvua na kuchanjwa mikato mitatu kila ubavu, iliyolingana kama mistari ya daftari. Wateja waliojaribu kusema "usimguse, nitamsafisha mwenyewe" walijikuta wanamsikia akijibu "sawa, sawa" huku kisu kikiendelea.

Fundi alifika nyumbani akiwa amekusudia kusema ukweli. Lakini mkewe aliinama juu ya ndoo, akapitisha ncha ya kidole kwenye ile mikato mitatu.

"Umemsafisha mwenyewe?"

"Palepale, kwenye mawe," akajisikia akisema.

"Sikujua kama una mkono wa namna hii," mkewe alisema, na ndani ya sauti yake kulikuwa na kitu ambacho Fundi hakuwa amekisikia tangu mwaka wa harusi yao. Hapo alikwisha. Tangu siku ile hakukosa Alhamisi hata moja, wala hakukosa samaki. Baada ya muda aliacha hata kutia chambo kwenye ndoana. Samaki wa kweli angemsumbua tu.

Ungesema mambo yangeendelea hivyo mpaka uzeeni, kama si goti la mama mkwe.

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa goti mwishoni mwa kiangazi, akaja kukaa kwao mpaka lipone. Alikuwa muuguzi mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alisimama katika chumba cha upasuaji akimpa daktari visu, akihesabu pamba na mikasi kabla mgonjwa hajashonwa. Alhamisi ya kwanza aliinua ubavu wa samaki kwa uma, akautazama, akaushusha. Alhamisi ya pili akavaa miwani. Ya tatu akauliza:

"Huyu kamkata nani?"

"Mkwe wako, nani mwingine," mkewe alisema kwa fahari.

Mama mkwe alimtazama Fundi, kisha akautazama mkate uliokuwa mezani, ambao Fundi alikuwa ameukata dakika tano zilizopita. Ulikuwa umekaa kama umeanguka kutoka kwenye lori.

"Alhamisi ijayo," alisema, "na mimi nitakwenda baharini. Daktari kasema nitembee."

Mkewe alipiga makofi. "Nenda naye, Mama! Umwone. Kuna majirani wawili hapa ngazini wanasema eti mume wangu hana lolote, eti anakwenda kusinzia." Akamgeukia Fundi. "Mama akija akaniambia umevua, nitawafuata mlangoni mmoja mmoja. Akiniambia hukuvua, basi hiyo Alhamisi yako tutaifanyia kazi nyingine. Lile darasa la dansi la wanandoa pale ukumbini ni siku hiyohiyo, saa ileile. Miaka yote sikukuomba kwa sababu ulikuwa unaleta samaki."

Fundi aliona ukumbi. Aliona taa, sakafu iliyong'arishwa, wanandoa thelathini wakienda mbele, nyuma, mbele, nyuma. Usiku ule hakula vizuri.

Kesho yake alikuwa dukani kwa Magamba, wakinong'ona juu ya barafu.

"Utajificha nyuma ya ule ukuta wa mawe unaoingia majini," Fundi alisema. "Mimi nitarusha mshipi karibu na ukuta. Wewe unaudaka, unamtia samaki kwenye ndoana, unamrudisha majini, unavuta mara mbili. Basi. Mimi napiga kelele, navuta."

"Rahisi," alisema Magamba.

"Lakini awe mzima, Magamba. Namaanisha hana hata mkwaruzo. Na magamba yake, na matumbo yake, kila kitu alichopewa na Mungu."

"Nimekusikia."

"Nakuomba."

"Fundi, mimi ni mtu mzima. Nimekusikia."

Alhamisi ikafika, na upepo wa baridi kidogo, na mawingu ya chini yenye rangi ya sufuria kuukuu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, chupa ya chai miguuni, fimbo yake imelazwa mapajani. Ufuko wote ulikuwa wao na mbwa mmoja aliyepita bila kusalimia mtu. Fundi akarusha. Chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, kikaangukia pembeni ya ukuta wa mawe.

"Mbona unarusha kwenye mawe?" mama mkwe aliuliza.

"Samaki wanapenda mawe, Mama."

"Na chambo?"

"Nimeshatia."

"Sikukuona ukitia."

"Nilitia nyumbani."

Mama mkwe alimimina chai. Nyuma ya ukuta kulisikika mtu akipiga chafya.

"Ndege," alisema Fundi.

Mshipi ukavutwa mara mbili. Fundi akaruka, akapiga kelele aliyokuwa ameifanyia mazoezi ndani ya shimo la lifti, akazungusha gurudumu la mshipi kwa nguvu zote. Samaki akaja akiteleza juu ya maji, mwepesi kupita kiasi, akatua mchangani karibu na kiti. Mama mkwe alimgusa kwa ncha ya fimbo. Akamgeuza. Samaki alikuwa ameparwa safi. Tumbo lilikuwa wazi na tupu. Ubavuni kulikuwa na mikato mitatu.

Bahari ikaja ikarudi.

"Huyu," alisema mama mkwe, "keshafanyiwa upasuaji."

"Papa hao," alisema Fundi. "Siku hizi wamezidi."

"Papa huyo kasomea wapi?"

Fundi akachomoa ndoana, akarusha tena upesi, akikohoa kwa sauti kubwa kuelekea ukutani: "Mzima! Natumaini safari hii nitapata MZIMA!" Nyuma ya mawe, Magamba alikuwa katika taabu yake mwenyewe. Alikuwa amekaa pale nusu saa na baridi, samaki wawili mapajani, kisu mfukoni. Hakukumbuka kukitoa. Mikono yake ilijipasha joto kwa kazi inayoijua, na alipotazama chini ilikuwa imemaliza wote wawili, matumbo yametupwa majini, magamba yamemjaa suruali. Aliposikia kelele za Fundi alishikwa na hofu, na Magamba akishikwa na hofu hujiona yuko dukani kwake.

Mshipi ukavutwa. Fundi akavuta. Kilichotoka baharini safari hii kilikuwa mfuko. Mfuko wa plastiki, umefungwa fundo zuri juu, na ndoana imepita kwenye fundo. Mama mkwe akaufungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na samaki aliyesafishwa, kipande cha ziada cha mkia ambacho Magamba alizoea kuwatupia wateja wa siku nyingi, na nusu ya limau.

Mama mkwe alilishika limau lile, akalinusa. Kisha akageuza shingo kuelekea kwenye ukuta wa mawe na kuita kwa ile sauti iliyokuwa ikiwasimamisha madaktari.

"Wewe uliyeko huko nyuma! Njoo unywe chai kabla hujapata homa ya mapafu!"

Magamba akatokea, amelowa mpaka kiunoni, aproni yake bado kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Hii mikato ni yako?"

"Ni yangu, Mama." Hakuweza kuficha kwamba alifurahi kuulizwa.

"Mkono mzuri. Nimefanya kazi na wapasuaji wawili tu waliokata hivi, na mmoja alikuwa mlevi."

"Magamba," alisema Fundi kwa sauti ya mtu aliyezama, "nilikwambia nini?"

"Uliniambia. Kichwa kilisikia, Fundi. Mikono haikuwepo wakati unasema."

Walikunywa chai kwa kupokezana kifuniko cha chupa. Fundi alisimulia yote, kwa sababu hapakuwa tena na cha kuficha: ndoo ya kwanza, kidole cha mkewe juu ya samaki, miaka kumi na miwili. Alieleza kuhusu shimo, na kuhusu bahari iliyolala. Mama mkwe alisikiliza huku akitazama maji, na kwa muda Fundi alidhani amemwelewa. Labda alimwelewa.

"Nakuonea huruma, baba," alisema hatimaye. "Lakini miaka thelathini na mmoja nimeulizwa swali moja kila siku: vyote vipo? Sikuwahi kusema vipo wakati havipo. Mwanangu akiniuliza, nitamwambia nilichoona."

"Limau pia?" aliuliza Magamba.

"Limau pia."

Basi Fundi akaanza kukunja vitu vyake. Alikuwa amekwisha kulifikia lile darasa la dansi moyoni, anasimama kwenye kona, anatafuta ukuta wa kuegemea, wakati mwanzi ulipoinama. Ulikuwa umelala tu juu ya ndoo, mshipi ambao Fundi alikuwa ameurusha tena kwa mazoea uko majini, kwenye ndoana kimebaki kipande cha utumbo ambacho hakuna aliyekiona. Na pembeni ya ukuta, maji yote yalikuwa yamejaa matumbo ya samaki wawili.

"Magamba, acha hiyo," Fundi alisema bila kugeuka. "Mchezo umekwisha."

"Acha nini? Mimi niko hapa, nimeshika kikombe."

Watatu wakautazama mwanzi. Ukainama tena. Fundi akaushika, akazungusha, na upande wa pili kulikuwa na kitu kilichokuwa na maoni yake. Kilivuta kushoto, kikavuta kulia, kikatulia, kikakataa. Kisha kikatua mchangani kikipigapiga: samaki bapa, mdogo kama sahani ya chai, rangi ya tope, mdomo umepinda upande, macho yote mawili yamekaa ubavu mmoja. Aliwatazama wote watatu kwa wakati mmoja.

Fundi akarudi nyuma hatua tatu. Magamba akarudi sita.

"Mshike!" alisema Fundi. "Wewe ndiye muuza samaki!"

"Mimi huwapokea wakiwa wameshakufa! Huyu ana... huyu anapumua, Fundi!"

"Mama?"

"Usinitazame mimi," alisema mama mkwe, ambaye alikuwa amesimama bila kukumbuka goti lake. "Mimi nimezoea walio kwenye nusukaputi."

Mwishowe walimfunika kwa blanketi, Magamba akafumba macho, wakamtia kwenye ndoo na maji ya bahari juu yake. Mama mkwe akainama, akamtazama kwa muda mrefu kama anavyotazamwa mgonjwa mpya.

"Haya," alisema. "Nimeona. Umevua. Nitasema nilichoona."

Fundi alitembea robo saa ile kama mtu aliyebeba mtoto wa mfalme. Njia nzima maji yalimmwagikia kiatuni na hakujali. Walipanda lifti, ile aliyoipaka grisi mwenyewe Jumatatu, na alifikiri kwamba huyu lazima ni wa kwanza katika ukoo wake kufika ghorofa ya tano. Alikuwa anakwenda mlangoni kwake na ukweli kwa mara ya kwanza, ukweli wa kupigapiga, wenye macho.

Mkewe alifungua. Akatazama ndoo. Uso wake ukapita kwenye mambo mengi, na la mwisho halikuwa furaha.

"Hiki nini?"

"Samaki."

"Samaki gani huyu? Hana hata sura." Akawasha taa ya jikoni, akainama zaidi. "Hakuparwa. Hakukatwa. Yuko hai!" Alisema neno hilo kama mtu anayekuta nzi kwenye shuka iliyopigwa pasi. "Mume wangu, mimi samaki wako nawajua. Nimekula samaki wako miaka kumi na miwili, mkono wako naujua kama mwandiko. Huyu umemnunua wapi?"

"Sijamnunua. Nimemvua."

"Kamvua," alisema mama mkwe. "Mbele yangu. Nilikuwa nimekaa hatua mbili."

"Giza lote lile, Mama, utaona nini?" Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono juu ya meza. "Hamkupata kitu, mkapita kwa mtu, mkachukua chochote. Siku niliyotaka ushahidi, ndiyo siku mnayoniletea hiki. Ina maana nini? Niulize na kuhusu wale samaki wengine?"

Mama mkwe alivuta pumzi. Fundi alimwona akiipanga ile sentensi kama anavyopanga vyombo kwenye trei: ukuta wa mawe, mikato mitatu, mfuko, limau. Vyote vipo. Angevihesabu kimoja kimoja, na mwisho wake huyu mdogo wa kwenye ndoo angeaminika, na mamia ya wengine wangekufa mara ya pili. Fundi alitazama vidole vya mkewe juu ya meza. Aliona kile kilichopita kwenye mikato ya samaki wa kwanza.

"Nimemnunua," alisema.

Mama mkwe alifunga mdomo kwa sauti iliyosikika.

"Nimemnunua," Fundi alirudia, na la ajabu ni kwamba machozi yalimlenga kweli. "Leo sikupata. Mama alikuwa ananitazama, nikaona aibu. Nisamehe."

Jikoni kulisikika tu yule samaki akigonga bati la ndoo mara moja. Kisha mkewe akaanza kucheka, taratibu, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Masikini wewe," alisema. "Miaka yote hujakosa hata siku moja, na siku unayokosa ni mbele ya mama mkwe. Kwani nani alikwambia huruhusiwi kukosa?"

"Wewe. Ulisema ndoo tupu..."

"Mimi? Lini?" Alifikiri kwa dhati. "Labda nilisema. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nilisema mambo mengi. Siku ukikosa, rudi mikono mitupu, uje ule. Mlango huu haujui kuhesabu samaki."

Fundi aliegemea friji. Alikuwa na hisia ya mtu aliyepanda ngazi ghorofa tisa akiwa na sanduku la zana begani, akafika juu akaambiwa lifti ilikuwa nzima.

"Na Alhamisi?" aliuliza.

"Alhamisi yako iko palepale. Mtu anayekiri hivi, bila kubanwa, mbele ya watu, huyo si mwongo. Na majirani nitawaambia leo bahari ilichafuka. Dansi nitakwenda na yule dada wa kazini, ana miguu myepesi kuliko wewe." Akasukuma ndoo kwa ncha ya kandambili. "Lakini huyu simtaki jikoni kwangu, ananitazama. Mrudishe kwa aliyekuuzia. Sasa hivi, kabla hajafunga."

Wakashuka tena, Fundi na ndoo, mama mkwe na fimbo. Lifti ikashuka mpaka ghorofa ya pili.

"Umenifanya shahidi wa uongo," alisema mama mkwe.

"Wewe ulisema kweli, Mama."

"Ndiyo hiyo nasema. Mara ya kwanza maishani sikuaminiwa, na ndiyo mara ambayo hakuna kilichopungua."

Ufuko ulikuwa mweusi, na maji yalijulikana kwa sauti tu. Fundi akaingia mpaka vifundoni, akainamisha ndoo polepole. Samaki akateleza, akatua kwenye maji ya kina cha kiganja. Hakwenda popote. Alilala mchangani, macho mawili yametazama juu, akiwasubiri waamue.

"Msukume," alisema mama mkwe.

"Msukume wewe, Mama. Wewe ndiye muuguzi."

"Nimestaafu."

Wakasimama wote wawili, viatu vimejaa maji, wakingoja wimbi kubwa zaidi lije liwasaidie.